Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuzilinda Nodi za Vihisi Dhidi ya Mashambulio ya Kumaliza Betri, Unguja na Pemba

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mafundi, walimu wa skuli, kamati za maji za shehia, wakulima wa mpunga na wa mwani, na kila mwenye dhamana ya nodi ndogo zinazopima maji, udongo au hewa na kutuma vipimo kwa redio. Maswali ni yale ambayo huulizwa kila tunapokwenda kufunga vifaa, na majibu yamepangwa kwa kufuata jinsi hoja moja inavyozaa nyingine, kwa hiyo ni vyema yasomwe kwa mfululizo.

Shambulio la kumaliza betri ni lipi hasa?

Ni shambulio ambalo lengo lake si kuiba vipimo wala kuvibadilisha, bali kuifanya nodi itumie nguvu zake zote kabla ya wakati, hadi izimike. Nodi ya vihisi huishi kwa kulala. Huamka kwa muda mfupi, ikapima, ikatuma, ikasikiliza kama kuna neno kutoka kwa jirani, kisha ikarudi usingizini. Anayeishambulia huikesheza, ama kwa kuipelekea jumbe za uongo, ama kwa kuifanya irudie kutuma, ama kwa kuitwisha mizigo ya nodi nyingine. Hatari hii ilielezwa mapema sana: mwaka 1999 Frank Stajano na Ross Anderson wa Cambridge waliandika kwamba kifaa cha betri kinaweza kuangamizwa kwa kunyimwa usingizi tu, bila ya kuvunjwa siri yake hata moja. Maelezo hayo bado ni sahihi, na ndiyo yanayoutofautisha ulinzi wa nodi na ulinzi wa kompyuta iliyochomekwa ukutani.

Kwa nini redio ndiyo inayotajwa kila mara, na si kihisi chenyewe?

Kwa sababu redio ndiyo mlaji mkubwa, na jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba kusikiliza kunagharimu sawa na kusema, au hata zaidi. Chukua redio ya CC2420, ambayo imetumika sana katika utafiti wa nodi za masafa ya 2.4 GHz. Ikipokea hula miliampea 18.8, na ikituma kwa nguvu yake yote hula miliampea 17.4. Ikilala hushuka hadi mikroampea chache tu, au hata chini ya hapo.

Sasa tufanye hesabu. Betri mbili za AA za alkali zilizofungwa kwa mfululizo hutoa takriban miliampea-saa 2,500. Redio ikikaa wazi muda wote, betri hizo zitakwisha katika saa 133, yaani siku tano na nusu. Redio ikiwa wazi kwa asilimia 1 tu ya muda, wastani wa matumizi hushuka hadi karibu miliampea 0.2, na betri zile zile zinaweza, kwa hesabu ya karatasi, kufika miezi 17. Pengo hilo kati ya siku tano na miezi 17 ndilo uwanja wa mshambuliaji. Hahitaji kuifanya nodi ikeshe moja kwa moja; akiipandisha kutoka asilimia 1 hadi asilimia 5, fundi aliyejipangia kwenda Micheweni kubadilisha betri mara moja kwa mwaka atalazimika kwenda kila baada ya miezi mitatu hivi, na hakuna kamati ya maji yenye nauli ya safari hizo.

Nani atahangaika kuishambulia nodi ya kisima cha kijijini?

Yule ambaye nodi hiyo ni shahidi dhidi yake. Kihisi kinachopima kina cha maji humwona anayevuta maji kupita kiasi usiku. Kinachopima chumvi katika kisima cha pwani huonesha ni pampu gani inayoyavuta maji ya bahari kuingia ardhini. Kinachosikiliza sauti katika msitu wa mikoko humnasa mwenye msumeno. Kuivunja nodi kunaacha alama, lakini nodi iliyokufa kwa betri huonekana imekufa kifo cha kawaida, na watu huandika "betri mbovu" na kuendelea na kazi zao. Hilo ndilo linalonifanya nilisisitize jambo hili kila ninapopata nafasi.

Mashambulio haya huja kwa njia zipi?

Njia ya kwanza na rahisi ni kelele. Nodi nyingi zinazookoa nguvu huamka kila baada ya muda mfupi na kuonja hewa: zikikuta nguvu yoyote ya redio katika mkondo wao, hudhani kuna ujumbe unakuja na hubaki macho kuungoja. Huo ndio utaratibu wa itifaki (yaani kanuni ambazo nodi hufuata zinapowasiliana) ya B-MAC ya mwaka 2004 na zilizofuata nyayo zake. Mwenye kifaa cha kutuma mawimbi yasiyo na maana yoyote anaweza kuzikesheza nodi zote zilizo karibu naye bila ya kujua ufunguo wala anwani.

Njia ya pili inatumia adabu za itifaki yenyewe. S-MAC ya mwaka 2002 huzifanya nodi jirani zikubaliane wakati wa kulala kwa kupelekeana jumbe za kulinganisha saa. Mshambuliaji akizinasa jumbe hizo na kuzirudia kwa wakati anaoutaka, kila mara huusogeza mbele wakati wa kulala. T-MAC ya mwaka 2003 ilikusudia kuokoa nguvu zaidi kwa kuiruhusu nodi ilale mara tu inapokuwa kimya, lakini hapo hapo ilifungua mlango: kijumbe kidogo kikitumwa kabla ya muda wa kungoja haujakwisha, nodi huanza kungoja upya, na hali hiyo inaweza kuendelea hadi alfajiri. Inasikitisha kwamba utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya kuokoa betri ndio unaogeuzwa kuwa wa kuimaliza.

Njia ya tatu ni kuilazimisha nodi irudie. Katika kiwango cha IEEE 802.15.4, ambacho ni kanuni za pamoja za redio za nguvu ndogo na kilitolewa mara ya kwanza mwaka 2003, nodi isiyopata jibu la "nimepokea" hurudia kutuma hadi mara tatu kwa mpangilio wa kawaida. Anayevuruga majibu hayo mafupi peke yake, bila ya kugusa ujumbe wenyewe, huifanya nodi itume mara nne kitu ambacho kilishafika mara ya kwanza. Kuna na njia ya nne, ya kuchezea njia za kupitisha jumbe, ambayo nimeipa swali lake hapo chini kwa kuwa inahitaji maelezo marefu zaidi.

Jumbe zetu zimesimbwa kwa ufunguo wa siri. Je, hilo halitoshi?

Halitoshi, ingawa bila ya hilo hakuna ulinzi wa kujengwa. Kusimba huzuia vipimo visisomwe, na muhuri wa uthibitisho unaoambatanishwa na ujumbe huiwezesha nodi kujua kwamba mtumaji anao ufunguo. Lakini ili nodi iukague muhuri, lazima kwanza iamke, ifungue redio na kuupokea ujumbe wote. Kufikia hapo gharama kubwa imeshalipwa. Mgeni wa uongo hakuingia ndani, lakini mwenye nyumba ameamshwa, na akiamshwa mara elfu kwa usiku mmoja hatakuwa na nguvu asubuhi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si tu "je, nodi inaukataa ujumbe wa uongo?" bali "inaukataa mapema kiasi gani, na kwa gharama gani?" Ukaguzi upangwe kuanzia ulio rahisi hadi ulio ghali. Anwani ya mpokeaji ikaguliwe na redio yenyewe kabla ya kuuamsha ubongo wa kifaa. Redio nyingi zina uwezo huo, lakini huwa haukuwashwa. Kisha itazamwe namba ya mfuatano, ambayo mtumaji huipandisha kwa kila ujumbe mpya, na ujumbe wenye namba ambayo imeshapita utupwe bila ya hesabu yoyote ya siri, kwani huo ni wa zamani uliorudiwa. Mwisho ndipo ukaguliwe muhuri. Hapa pana kosa ambalo nimelikuta zaidi ya mara moja katika programu za vifaa: nodi huihifadhi namba mpya kabla ya kuukagua muhuri. Mshambuliaji hutuma ujumbe mmoja wa uongo wenye namba kubwa kupita zote, nodi huiandika, na kuanzia hapo jirani wa kweli huonekana wa zamani na hukataliwa daima. Namba isihifadhiwe mpaka muhuri uthibitike.

Juu ya hayo yote, iwekewe nodi posho ya kukesha. Maana yake ni kwamba programu huhesabu sekunde ambazo redio imekuwa wazi katika kila saa, na posho ikimalizika, nodi hulala bila ya kusikiliza chochote hadi saa inayofuata, isipokuwa kutuma vipimo vyake kwa wakati uliopangwa. Katika hatua zote zilizomo humu, hii ndiyo ambayo ningeichagua kama ningeruhusiwa kuchagua moja, kwa sababu haijali shambulio limekuja kwa njia gani. Mshambuliaji anaweza kuila posho ya saa hii, lakini hawezi kuila ya kesho. Gharama yake ni kwamba wakati wa shambulio nodi haitasikia amri. Kwa kihisi cha unyevu katika bonde la Cheju hilo si tatizo. Kwa nodi ya tahadhari ya mafuriko ni tatizo kubwa, na nodi ya namna hiyo haifai kutegemea betri peke yake.

Tunatumia LoRaWAN, mtandao wa redio unaofika mbali kwa nguvu ndogo. Je, tuko salama?

Mko katika hali nzuri zaidi, mradi nodi zenu ni za daraja A. Nodi ya daraja hilo haisikilizi ovyo: hufungua masikio mara mbili kwa muda mfupi baada ya kutuma yenyewe, na muda mwingine wote redio imefungwa. Hakuna awezaye kuiamsha kwa kelele akiwa nje. Daraja C husikiliza karibu muda wote na halifai kwa betri hata bila ya mshambuliaji.

Hata hivyo kuna mianya miwili. Wa kwanza ni jumbe zinazodai jibu: majibu yakivurugwa, nodi hurudia. Vipimo vya kila saa havihitaji jibu, kwani kimoja kikipotea kinachofuata kitatosha. Wa pili umejificha zaidi. Nodi yenye utaratibu wa kujirekebisha kasi, ikikaa muda mrefu bila ya kusikia neno kutoka kwenye lango, yaani kifaa kinachokusanya jumbe za nodi zote, hudhani iko mbali, hivyo huongeza nguvu na kupunguza kasi hatua kwa hatua kutoka SF7, ngazi ya kasi kubwa, hadi SF12, ngazi ya polepole kabisa. Ujumbe ule ule katika SF12 hukaa hewani zaidi ya mara 20 ya unavyokaa katika SF7. Anayeyavuruga majibu ya lango peke yake huifanya nodi ijimalize taratibu kwa imani kwamba inajisaidia. Iwekewe ukomo: kama ilipofungwa ilifika langoni kwa SF8, isiruhusiwe kupita SF10 bila ya fundi kujua.

Nodi zetu hupokezana jumbe hadi langoni. Hapo kuna hatari gani ya ziada?

Hatari ni kwamba nodi moja mbaya huweza kuzichosha zile ambazo ziko mbali nayo. Mwaka 2013 Eugene Vasserman na Nicholas Hopper walichapisha uchambuzi wa mashambulio waliyoyapa jina la mazimwi wanyonya damu, na wakaonesha kwamba, katika hali mbaya kabisa, zimwi mmoja anaweza kuyazidisha matumizi ya nguvu ya mtandao mzima kwa kadiri ya idadi ya nodi zilizomo. Kuna namna mbili walizozieleza. Katika ya kwanza ujumbe huandikiwa njia inayozunguka, ukapita kwa nodi zile zile tena na tena. Katika ya pili hupewa njia ndefu isiyo ya lazima, kama mtu wa Wete aendaye Chake Chake akapitishwa Mkoani. Jumbe zenyewe ni halali kwa sura, na ndiyo maana ni vigumu kuzitambua. Dawa ni kutomruhusu mtumaji aandike njia nzima, na kila nodi ikague kwamba ujumbe unaoupitisha unakaribia lango badala ya kuliacha.

Itifaki ya RPL ya kupanga njia za jumbe, iliyotolewa mwaka 2012 na ambayo ndiyo inayokutikana katika programu nyingi za nodi hivi leo, ina udhaifu wake. Nodi mpya huruhusiwa kuuliza kwa sauti "kuna mtandao hapa?", na kila jirani anayesikia huirudisha saa yake ya matangazo mwanzo na kuanza kutangaza kwa haraka. Swali hilo likirudiwa kila dakika, majirani hawatanyamaza. Vile vile namba ya toleo la mti wa njia, yaani mpangilio wa nani humpitishia nani hadi langoni, inapaswa kupandishwa na mzizi peke yake, yaani nodi iliyo mwisho wa njia zote. Nodi nyingine ikiipandisha, mti wote hujengwa upya, na kila nodi hulipia. Wekeni kikomo cha mara ambazo saa ya matangazo inaweza kurudishwa mwanzo ndani ya saa moja, na washeni uthibitisho katika tabaka la redio, kwa sababu njia za usalama zilizoandikwa ndani ya RPL yenyewe mara nyingi hazimo katika programu mnazopakua.

Nitajuaje kwamba ni shambulio, na si hitilafu ya kawaida?

Hili ndilo swali ninaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu katika visiwa hivi bahari na chumvi hufanya kazi inayofanana sana na ya mshambuliaji.

Katika mashamba ya mwani, nodi iliyofungwa kwenye kigingi hufunikwa na maji yanapojaa, na mawimbi ya 2.4 GHz hayapiti katika maji ya chumvi. Nodi haijui kwamba imezama. Hutuma, haipati jibu, hurudia, hutafuta jirani mpya, na betri inakwenda. Mtandao mmoja niliowahi kuitwa kuuangalia ulisadikiwa kwa wiki tatu kwamba unahujumiwa, na watu wa kijiji wakaanza kutazamana vibaya. Tulipoziandika saa za kila tukio tukaona kwamba linakuja mara mbili kwa siku na husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na linazidi wakati wa bamvua, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4, na kupungua wakati wa maji mafu. Hakuna mhujumu anayefuata mwezi kwa uaminifu huo. Tuliziinua antena na kuziamuru nodi zilale kihisi cha maji kinapoonesha zimezama, na tatizo likaisha. Naomba kila kamati ichukue daftari la maji kujaa na kupwa kabla ya kumtaja mtu yeyote.

Sababu ya pili ni Wi-Fi. Mji Mkongwe, Nungwi na Paje hoteli zimesongamana, na mitambo yao hutumia masafa hayo hayo ya 2.4 GHz. Nodi inayoonja hewa huamshwa nayo bure. Mkondo wa 26 wa 802.15.4 uko pembeni mwa mikondo ya Wi-Fi inayotumika zaidi. Jaribuni kuhamia huko kwanza, na kama nodi zikatulia, jibu limepatikana. Sababu ya tatu ni kutu ya chumvi kwenye ncha za betri na kwenye bodi, ambayo huvujisha umeme kidogo kidogo saa zote, hata redio ikiwa imelala.

Ili kuyatenganisha haya, msitegemee volti. Betri za lithiamu za volti 3.6, ambazo wengi huzipenda kwa kuishi muda mrefu, hushikilia volti yake karibu bila ya kubadilika hadi zinapokaribia mwisho, kisha huanguka ghafla. Badala yake, kila nodi ihesabu mambo matatu: sekunde ambazo redio ilikuwa wazi, idadi ya jumbe ilizozikataa kwa muhuri mbaya, na idadi ya marudio. Hesabu hizo zipelekwe langoni mara moja kwa siku. Ni baiti chache tu. Bahari na Wi-Fi huongeza sekunde na marudio lakini havitengenezi mihuri mibaya kwa mamia. Sekunde zikipanda na mihuri mibaya ikapanda pamoja, katika nodi zilizo upande mmoja wa shamba, hapo pana mtu. Kutu hupunguza betri huku hesabu zote tatu zikiwa tulivu.

Je, paneli ya jua si suluhisho?

Ni msaada mzuri, lakini paneli ndogo huwa imepimwa kwa matumizi ya nodi inayolala. Wakati wa masika, mawingu yakitanda siku kadhaa mfululizo, nodi iliyokeshezwa hula zaidi ya inavyovuna. Chini ya mikarafuu na mikoko kivuli ni cha mwaka mzima.

Mshambuliaji akiyavuruga masafa yote, nodi ifanye nini?

Ikate tamaa mapema na ilale. Ihifadhi vipimo katika kumbukumbu yake, ijaribu tena baada ya dakika kumi, kisha ishirini, kisha arubaini, na iongeze kidogo cha kubahatisha ili nodi zote zisiamke kwa pamoja. Vipimo vitachelewa, lakini vitafika. Nodi inayong'ang'ania kutuma humfanyia adui kazi yake.

Nodi ikiibwa, tufanye nini?

Chukulieni kwamba ufunguo wake umejulikana. Ikiwa nodi zote zina ufunguo mmoja, mwizi sasa anaweza kutuma jumbe zenye mihuri sahihi, na ukaguzi wote ulioelezwa juu hautamzuia. Posho ya kukesha peke yake ndiyo itakayobaki. Ndiyo sababu kila nodi ipewe ufunguo wake tangu siku ya kufungwa, na lango liwe na orodha ya nodi zilizofutwa. Nodi za ufukweni na mabondeni, ambako kila mtu hupita, zistahiki uangalifu huu kuliko za juu ya paa la skuli.

Je, kufanya hivi ni kosa kisheria?

Ndiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Tanzania Bara na Zanzibar, nayo inakataza kuingilia mifumo ya kompyuta kinyume cha sheria. Masafa ya redio husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwani mawasiliano ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Hili linawahusu pia wanaotaka kuujaribu mtandao wao wenyewe: jaribuni ndani ya sanduku la chuma au kwa nguvu ndogo kabisa, msije mkawavuruga jirani.

Nodi iliyomalizwa betri, naweza kuitia betri mpya na kuirudisha kazini?

Usiirudishe kabla ya kuangalia namba ya mfuatano. Katika vifaa vingi namba hiyo hukaa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme unapokatika, hivyo nodi ikiwashwa tena huanza kuhesabu kutoka sifuri. Hapo mambo mawili hutokea. Jumbe za zamani zilizonaswa na mshambuliaji hukubalika tena kana kwamba ni mpya, na, jambo lililo baya zaidi, nodi husimba jumbe mpya kwa ufunguo ule ule na namba zile zile zilizokwishatumika, jambo ambalo humwezesha mwenye nakala za jumbe zote mbili kuanza kuzifumbua. Kwa hiyo wapo ambao huimaliza betri si kwa ajili ya kuizima nodi, bali kwa ajili ya siku hiyo fundi atakapokuja kuiwasha. Mpe nodi ufunguo mpya kwanza, hakikisha programu inaiandika namba ya mfuatano katika kumbukumbu ya kudumu, hata ikiwa ni mara moja kwa kila jumbe mia na kuruka mia mbele inapowaka, kisha ndipo utie betri.